Je, mchezo uhesabiwe kwenye diplomi?

Kati ya walimu swali hili linaishia mara nyingi kwa kicheko: mwanafunzi anayepiga mupira muzuri, ao anayekimbia mbio sana, apewe poenti za kumusaidia kupata diplomi? Wamoja wanasema hapana, masomo ni ya kichwa. Wengine wanasema ndiyo, mutu si kichwa peke yake. Lakini nyuma ya swali hilo kuna lingine ambalo si la kuchekea: diplomi yenyewe ni nini?

Hapa kwetu jibu limegawanyika. Kwenye buletini ya sekondari, mazoezi ya mwili iko na nafasi yake na poenti zake. Kwenye Mtihani wa Taifa, ulioanza mwaka 1967, mtoto hakimbii wala haruki, tukiacha wale wa fani ya michezo: anajibu maswali ya elimu ya jumla, sayansi, lugha na fani yake. Basi mwanafunzi anafahamu upesi nini kinahesabiwa kweli, na saa ya mazoezi inakuwa saa ya kukopi hesabu ya jana. Kwenye chuo kikuu, mfumo wa LMD, ulioingia tangu mwaka wa masomo 2021-2022, unadai kredi 180 kwa lisansi. Hata moja kati ya hizo inaweza kuwa ya mchezo?

Tuangalie kwanza nyumbani. Walega wa Pangi, pamoja na ndugu zao wa Shabunda na Mwenga, walikuwa na bwami, ambayo utawala wa Wabelgiji uliikataza mwaka 1948. Mutu alipanda ngazi kwa ngazi mpaka kindi. Mafundisho hayakuwa ya kukaa na kusikiliza tu: methali iliimbwa, ikachezwa ngoma, ikaonyeshwa kwa sanamu ndogo za mti ao za pembe ya tembo. Ni kweli kupanda kulidai pia mali na msaada wa ndugu. Lakini kucheza ngoma vizuri peke yake hakukutosha kumupandisha mutu. Ngoma ilibeba methali, methali ikabeba mwenendo. Mwili ulihesabiwa kwa sababu ya kile ulichofundisha.

Hapo ndipo ninapoona njia. Diplomi ni neno tunalotoa kwa mutu ambaye hakuwa darasani. Mama wa Alunguli anayemupeleka mtoto wake kwa mwalimu kijana hakuona kopi zake za mitihani. Anaamini neno letu. Basi tuulize: poenti hii inamuahidi nini mama yule? Mwalimu wa shule ya msingi atafundisha matawi yote, pamoja na mazoezi ya mwili. Kwake yeye, kujua kuongoza watoto kwenye uwanja ni kazi, na ni haki ihesabiwe. Lakini muuguzi aliyeshindwa kupima dawa, tukimuokoa kwa poenti za mupira, tumemudanganya mgonjwa.

Kuna pia haki ya wanafunzi wenyewe. Mmoja amezaliwa na miguu myepesi, mwingine anachechemea. Msichana mwingine amechota maji tangu alfajiri mbele ya kufika shuleni. Tukipima nani anashinda, tunalipa bahati. Tukipima nani amejifunza na ameendelea, kila mmoja kwa mwili alio nao, hapo tunafundisha.

Kule Marekani, MIT, chuo kinachojulikana kwa sayansi, kinadai wanafunzi wa shahada ya kwanza wamalize mafunzo manne ya mazoezi ya mwili na watimize sharti la kuogelea. Ni lazima, lakini mafunzo hayo hayapandishi wastani wa masomo. Yanakuwa mlango wa kupitia, si ngazi ya kumupita mwenzako. Mpango huo unatufaa hata sisi tusio na piscine. Hapa Kindu, Lualaba inakata mji wetu: Kasuku na Mikelenge upande huu, Alunguli ng'ambo, na daraja hakuna. Vijana wanavuka kwa pirogi kwenda masomo, na wengine hawajui kuogelea hata kidogo. Kijana anaweza kuandika vizuri namna mto unavyochimba kingo zake, na pirogi ikipinduka akazama mita kumi toka kando. Elimu hiyo ina tundu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mchezo uwe sharti kwa wote, na mwenye ulemavu apewe zoezi linalomufaa, usiongeze poenti kwa yeyote, isipokuwa pale ambapo kazi yenyewe inaudai. Na tuanze na kuogelea, pamoja na wavuvi wetu kama wafundishaji. Wao hawana diplomi, lakini mto wanaujua.