Kesi ya kuku

Sisi Wapare tuna utani tuliouzoea hadi tunausimulia wenyewe kabla ya kusimuliwa: kwamba Mpare huuza ng'ombe ili kugharimia kesi ya kuku. Marehemu babu yangu akiusikia alicheka mpaka machozi, kisha akauliza, "Lakini kesi alishinda?"

Niliukumbuka Same mjini, nikisubiri gari la kupanda milimani. Magari yetu hayaondoki mpaka yajae, na siku hiyo abiria tulikuwa wanne. Nikasogea kwenye uwanja wa vumbi ambapo vijana walikuwa wakidunda mpira wa kikapu uliokwisha kung'oka ngozi. Mmoja, mrefu kama mgomba, wenzake walimwita Thabeet. Nikamuuliza kama anamjua mwenye jina.

"Namjua, mjomba. Yule aliyefeli NBA."

Ikanichoma, ingawa hesabu anazo. Kwa umri wake hakuuona usiku ule wa Juni 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya na Memphis Grizzlies wakamchagua Hasheem Thabeet wa pili, nyuma ya Blake Griffin tu. Mtoto wa Dar es Salaam, urefu mita 2.21, aliyeushika mpira huo akiwa kijana wa miaka kama 15, akapita Shule ya Sekondari Makongo, akaenda Houston, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Nyuma yake siku hiyo walibaki James Harden, aliyechaguliwa wa tatu, na Stephen Curry wa saba. Hao wawili ndio wakawa fimbo ya kumchapia. Februari 2010, msimu wa kwanza haujaisha, aliteremshwa ligi ya chini. Hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa amechaguliwa juu hivyo akapelekwa huko. Hadi 2014 alikuwa amecheza NBA mechi 224, kwa wastani wa pointi 2.2. Kwa kipimo cha kijana, kesi imefungwa.

Ila kijana anaishia 2014. Mimi ninachokipenda kinaanzia hapo. Mtu aliyekwisha kulipwa dola za Marekani, jina lake liko kwenye historia ya nchi, angeweza kukaa nyumbani akapigwa picha. Akaenda Japani kuchezea Yokohama. Mwaka 2019, umri 32, akarudi ligi ile ile ya chini aliyowahi kuteremshiwa, safari hii kwa miguu yake mwenyewe. Kisha Taiwan. Moyo wa mtu ni msitu, lakini nyayo zinaonekana: huyu, ng'ombe alishamuuza, na kuku bado alikuwa anamdai.

Nisieleweke vibaya. Wanaopita mashuleni wakiwaambia watoto kwamba ukitaka utashinda wanadanganya. Thabeet alitaka, na pete za ubingwa zikaenda kwa Curry, nne. Kutaka hakumwongezei mtu kipaji.

Lakini wazee wetu walijua kutaka kwa namna nyingine. Mwaka 1945 walishuka milimani kwa maelfu wakapiga kambi hapa hapa Same, makao ya mkuu wa wilaya wa Kiingereza, kupinga kodi ya mbiru. Kodi ya kichwa walikuwa tayari kuilipa. Walichokataa ni mtu kuja kukadiria mali yako kwa kipimo asichoweza kukueleza. Mgomo ukavuka mwaka, wanawake nao wakaandamana. Ukipiga hesabu ya siku zilizopotea shambani, mbiru yenyewe ilikuwa kuku. Serikali ya mkoloni mwishowe ikaachana nayo, lakini wale waliolala nje Same usiku wa kwanza hawakuwa na dhamana yoyote kwamba itakuwa hivyo. Walilala tu. (Wanaotutania kuhusu ng'ombe hawaisimulii hii.)

Kijana hakutaka historia ya kodi. Nilimsimulia Yokohama na Taiwan badala yake, naye akasikiliza huku akiuzungusha mpira kiganjani, jasho limechora mistari kwenye vumbi la shingo yake. Konda akaanza kuita. Sijui abiria walijaa saa ngapi.

"Huko Taiwan alikuwa anapangwa?" akauliza. "Au alikuwa anakaa benchi?"

"Alikuwa anapangwa."

"Basi sawa," akasema, akarudi uwanjani.