Uraia Usiosubiri Matokeo

Januari 2025, Idara ya Uhamiaji ilipothibitisha kuwa wachezaji watatu wa Singida Black Stars, Emmanuel Keyekeh wa Ghana, Josephat Bada wa Ivory Coast na Mohamed Camara wa Guinea, wamepewa uraia wa Tanzania, mjadala kwenye vipindi vya michezo haukukaa kwenye sheria. Ulikimbilia kwenye majina na asili zao. Lakini Haji Mnoga na Tarryn Allarakhia, wazaliwa wa Uingereza, walipovaa jezi ya Taifa Stars tuliwaita vijana wetu. Utasema hao wana damu yetu. Hapo ndipo napingana na wenzangu wa kalamu na kipaza sauti: tukiifanya damu kuwa kipimo cha taifa, sisi wa Kalenga, Iringa, tutakuwa wa kwanza kukwama. Uhehe ambao wageni huja kuutazama kwenye makumbusho yetu, penye fuvu la Chifu Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, haukutokana na ukoo mmoja. Munyigumba, baba yake Mkwawa, aliunganisha tawala ndogondogo nyingi, na watu wake wakawa Wahehe kwa utii na kwa kupigana pamoja. Hata Lipuli, klabu yetu ya Iringa, ilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2019 na kufungwa 1-0 na Azam FC, jina lake la utani, Wanapaluhengo, liliwabeba wachezaji wote, wa Iringa na wa kwingine.

Wapo wanaosema uraia hautolewi ili klabu ikwepe ukomo wa wachezaji wa kigeni, na kwamba kijana wa Mbeya anayesotea namba ataumia. Hoja hiyo ni nzito, nami naiunga mkono. Ila inamhusu aliyetoa uraia, si aliyeupokea. Mwandishi aulize waliishi nchini muda gani, kifungu gani kilitumika, na kwa nini maombi ya wengine huchukua miaka. Akiacha hayo akamng'ang'ania mchezaji kwa jina lake, anamwachia uraia wa masharti, unaodumu mpaka penalti ya kwanza atakayokosa. Mesut Özil alipoiacha timu ya Ujerumani Julai 2018 alilalamikia jambo hilohilo: wakishinda ni Mjerumani, wakifungwa ni mhamiaji. Naye alizaliwa Gelsenkirchen, Ujerumani kwenyewe, na Kombe la Dunia la 2014 aliwasaidia kulitwaa.