Je, Imani Yaweza Kuamriwa?



Katika darasa la Kipaimara, binti mmoja wa miaka 13 alituuliza hivi: "Mwalimu, nitajuaje kwamba Yesu anasema kweli kuliko wale ninaowasikiliza kwenye simu? Nao pia wanasema wanajua." Sisi tulioshika chaki kwa zaidi ya miaka 30 tulimjibu kama tulivyozoea: "Kaa chini. Mambo ya Mungu hayana ubishi." Akakaa. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili. Tangu hapo swali lake halijatutoka moyoni, nasi tumeona yafaa kulileta mbele yenu, maana si la darasa letu peke yake.

Hapana shaka vijana wetu wa umri huo wanaitwa na sauti nyingi. Zamani kulikuwa na rika na vijiwe; siku hizi yapo hayo, na simu ya mkononi juu yake. Humo mtu asiyejulikana humwambia mtoto avae nini, amdharau nani, na aweke fedha katika kamari ipi. Wengine humwuzia maji na mafuta ya miujiza kwa jina la Yesu mwenyewe. Tuonapo hayo, sisi wazee hukimbilia nguvu tulizo nazo: kufoka, kunyang'anya, kuchapa. Twasema, samaki mkunje angali mbichi. Methali ni ya kweli, lakini samaki haulizi. Mtoto huuliza, na asipojibiwa na sisi atajibiwa na mwingine.

Basi tujiulize: je, imani yaweza kuamriwa? Utii waweza kuamriwa. Mwalimu yeyote anajua hivyo. Lakini kuamini ni kumtegemea mtu, na hakuna amtegemeaye mtu kwa sababu amechapwa.

Tuwakumbuke wale vijana watatu wa Buganda, Marko Kakumba, Yusufu Rugarama na Nuhu Serwanga, waliouawa kwa moto huko Busega tarehe 31 Januari 1885, wakati wa Kabaka Mwanga. Yusufu alikuwa mtoto bado. Siku ile nguvu zote za kutisha zilikuwa upande wa Kabaka. Kama wangalimfuata Yesu kwa hofu tu, hofu iyo hiyo ingaliwarudisha nyuma mara walipouona moto. Hapa pana onyo kwetu. Mtoto aliyefundishwa kumtii Bwana kwa kuogopa fimbo, atamtii yeyote atakayekuja na fimbo kubwa zaidi.

Mamlaka ya Yesu ni ya namna gani, basi? Watu wa Kapernaumu walishangaa kwa kuwa alifundisha kama mwenye mamlaka, si kama waandishi wao. Wala hakumshurutisha mtu. Mwinjili Yohana anatueleza kwamba wengi walipomwacha, hakuwatisha. Aliwageukia wale kumi na wawili, akawauliza kama nao wanataka kuondoka. Naye mwenyewe, akiwa na miaka 12, aliketi hekaluni kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza. Hatusomi kwamba mmoja wao alimwambia akae kimya.

Tena alitupa kipimo ambacho hata mtoto aweza kukitumia. Mchungaji wa mshahara amwonapo mbwa-mwitu hukimbia. Mchungaji mwema hutoa uhai wake. Hili ndilo jibu alilostahili binti yule. Kwa kila anayekuita, uliza: "Mimi nikipotea, wewe utapoteza nini?" Anayeuza kamari hapotezi kitu, hupata. Yesu alipoteza uhai wake.

Huenda mtu akasema, "Mwalimu, basi tuwaache wafanye watakavyo?" La, hasha. Simu na ilale mezani kwa wazazi usiku, na mtoto ajulikane yuko wapi. Bwana mwenyewe aliwatii wazazi wake kule Nazareti. Ila tusiuite uzio huo imani. Uzio humlinda mwana-kondoo. Haumfundishi kuijua sauti ya mchungaji.

Sauti hujulikana kwa kusikiwa. Injili ya Marko ina sura 16. Nyumba ikisoma sura moja kila jioni, itamaliza kabla ya wiki tatu. Mtoto na aulize, na mzazi asiyejua aseme, "Sijui, tutamwuliza Kasisi." Zaidi ya hayo, watoto wetu watuone sisi wenyewe tukiwa chini ya mamlaka hiyo. Baba aliyemkosea mwanawe akamwomba radhi, amemwonyesha kwamba nyumbani mwao yupo Bwana aliye juu ya baba.

Tulipofika hapo katika kuwaza, tuliona aibu kuwaandikia ninyi kabla ya kutenda. Tukaenda nyumbani kwa binti yule, tukamwomba radhi mbele ya mama yake kwa kumnyamazisha. Alitazama chini muda mrefu. Hakusema kwamba atarudi darasani. Ila alituuliza swali lingine, gumu kuliko la kwanza, nasi safari hii tukavuta kiti tukakaa.

Bwana atupe subira, sisi na ninyi.