Kisima Kilichozibwa

Liko neno litusumbualo kila tulifikiripo, nalo latoka mbali, katika jangwa la Kalahari. Mwaka 1961 Waingereza, waliokuwa wakiitawala nchi iitwayo leo Botswana, walitenga katikati ya jangwa hilo hifadhi kubwa, yapata kilometa za mraba 52,800. Walikuwa na nia mbili pamoja: wanyama wa mwitu wahifadhiwe, na Wasani, ambao tangu kale waliishi humo kwa kuwinda na kuchimba mizizi, wapate kukaa kwao. Pamoja nao walikuwako jirani zao Wakgalagadi.

Humo hamna mto utiririkao daima. Wakati wa kiangazi watu hupata maji katika matikiti ya mwitu na mizizi, nayo hayatoshi kila mwaka. Kwa hiyo kisima cha bomba cha Mothomelo kilikuwa uhai wao. Lakini mwaka 1997, na tena 2002, serikali iliwahamisha watu. Na mwaka ule wa 2002 mashine ya kuvutia maji ikaondolewa, kisima kikazibwa.

Serikali ilikuwa na hoja zake, wala hatuzidharau. Ilisema kwamba kupeleka maji mbali hivyo ni gharama nyingi. Tena kwamba watu hao si wawindaji wa kale, bali wana mbuzi, punda na farasi, na maisha hayo hayapatani na hifadhi ya wanyama. Hoja ya kwanza twaielewa. Ya pili yatushinda. Je, mtu akifuga mbuzi, amekwisha kupoteza haki ya mahali alipozikwa babu yake? Sisi wenyewe tumeacha mavazi na vyombo vya babu zetu, wala hakuna aliyetuambia tuhame. Mbuzi wakizidi, na wahesabiwe, wapunguzwe. Jambo hilo huamuliwa pamoja na wenyeji, lakini maji si ya kumnyima mtu.

Desemba 2006 Mahakama Kuu iliamua ya kuwa watu wale waliondolewa pasipo haki, ila haikuilazimisha serikali kuwapa maji. Baadhi yao wakarudi hivyo hivyo, kwenye kiu. (Na katika miaka hiyo watalii walijengewa kambi yenye bwawa la kuogelea, humo humo hifadhini.) Januari 2011 Mahakama ya Rufani ikawapa ruhusa kukifungua kisima, kwa gharama yao wenyewe. Mwaka ule ule maji yakatoka tena Mothomelo.