Dakika za Kucheza Ni Amana

Katika mchezo wa mpira wa kikapu huzuka swali lililo kubwa kuliko mchezo wenyewe. Wachezaji wa timu ni wengi, bali waingiao uwanjani kwa mara moja ni watano tu. Waliosalia hukaa benchini wakitazama. Basi, ni nani astahiliye kucheza dakika nyingi: yule aliyejaliwa urefu na wepesi wa mikono, au yule afanyaye bidii?

Mchezo huu ulibuniwa na mwalimu James Naismith mwezi wa Desemba 1891, mjini Springfield katika Marekani. Alitafuta zoezi la kuwafaa vijana ndani ya nyumba wakati wa baridi. Tangu asili yake, basi, mchezo huu na mazoezi ya mwili ni ndugu.

Tena mchezaji asiye na pumzi hawezi kujificha. Miguu ikilegea, mpira autupao haufiki kikapuni. Mpinzani akimpita, yeye hunyosha mkono kumzuia badala ya kusogeza miguu, naye huhesabiwa kosa. Na katika mashindano ya mataifa, mwenye kutimiza makosa 5 hutolewa. Wala hasara si yake peke yake. Asiporudi mbio kulinda, wenzake 4 hukabiliana na watu 5. Hapo kipawa chake chageuka kuwa mzigo wa wengine.

Tutazame mfano wa Jimmy Butler. Mwaka 2011 alichaguliwa na timu ya Chicago akiwa mtu wa 30. Katika msimu wake wa kwanza alicheza wastani usiofika dakika 9, na mchezo wa ligi ile ni wa dakika 48. Lakini katika mashindano ya kumaliza msimu ya mwaka 2013 alicheza dakika zote 48 pasipo kupumzishwa, tena si mara moja tu. Na msimu wa 2014 hadi 2015 wastani wake ulikaribia dakika 39. Ni kweli kwamba baadhi ya wenzake waliumia, nafasi ikapatikana. Lakini nafasi ile ilimkuta yu tayari. Kama angalingoja nafasi ije kwanza ndipo atafute pumzi, ingalimpita.

Lakini mtu atasema, "Wako wafanyao bidii kuliko wote, nao hubaki benchini." Neno hili ni kweli, wala tusilifunike. Bidii haimwongezei mtu urefu. Mwalimu amwambiaye kijana ya kuwa kila atokaye jasho atacheza, amemdanganya; na siku kijana atakapolitambua hilo, ataichukia bidii yenyewe.

Kosa ni kudhani kwamba dakika ni mshahara. Dakika ni amana, na amana hukabidhiwa yule ambaye wenzake waweza kumtegemea. Kwa hiyo mwenye kipawa asiseme, "Ni haki yangu," maana urefu wake hakujipa mwenyewe. Lakini mazoezi yamo katika uwezo wake, na kwa hayo ataulizwa. Akiyadharau, mwalimu amwachaye benchini hakumwonea. Amwoneaye ni yule amwachiliaye uvivu kwa sababu ya kipawa chake, kwa kuwa awadhulumu pia wale waliochoka kwa ajili yake.

Na yule mwenye bidii asiyeitwa, je, amepata hasara? Kila siku ya mazoezi yeye ndiye awakimbizaye watakaocheza, akawanoa kama jiwe linoavyo kisu. Hesabu ya dakika haimtaji, lakini wenzake wajua kazi yake. Basi, yampasa mwalimu kumwambia kweli waziwazi, na kuwapima wote kwa kipimo kimoja. Naye mchezaji yampasa kujiuliza kila jioni, si, "Nimecheza dakika ngapi?" bali, "Kama ningaliitwa leo, wenzangu wangaliweza kunitegemea?"