Maji Tohara na Maji Salama: Mwenye Kisima Anadaiwa Nini?

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Ijumaa hii karatasi yetu inazungumzia kisima. Usiseme kwamba hii ni habari ya watu wa hospitali, imamu imemhusu nini. Ndani yake mna suala la haki, na masuala ya haki ndiyo yanayotukalisha msikitini.

Suala ni hili. Mtu amechimba kisima ndani ya parseli yake, hapa Baraka, au kule Sebele, Mboko, Kazimia. Majirani wanakuja na bidoni zao, wanachota, wengine bure na wengine kwa franga kidogo. Maji hayajawahi kupimwa na mtu yeyote. Hakuna serikali iliyomlazimisha kupima, wala hakuna jirani aliyelalamika. Je, mtu huyu anadaiwa kitu na wanaokunywa? Wako wanaosema hadaiwi, kwani ametoa maji, na kutoa maji ni katika sadaka bora, basi aliyetoa sadaka hadaiwi tena. Mimi nasema anadaiwa. Nisome taratibu, kisha uhukumu mwenyewe.

Kwanza tuondoe mchanganyiko mmoja unaotusumbua sana sisi wenye kusoma vyuoni. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba maji yakifika qulatayni, kiasi cha lita 200 hivi, yaani kama bidoni 10 za lita 20, basi najisi ikiingia haiyaharibu maadamu hayakubadilika rangi, ladha wala harufu. Kisima kina zaidi ya hapo. Kwa hiyo unatawadha, unaoga janaba, unaosha nguo ya kuswalia, na ibada yako ni sahihi. Hili ni kweli na sitalibadilisha. Lakini wako wanaolichukua hili wakasema: ikiwa yananifaa kwa swala, kwa nini yasinifae tumboni? Hapo ndipo tunapopotea. Fakihi alijibu suala la tahara. Hakuulizwa suala la kuhara. Asali iliyotiwa sumu nayo ni tohara, ukimwagikiwa nguoni unaswali nayo, lakini nani atampa mwanawe aionje?

Mnaijua habari ya kisima cha Budaa, pale Madina. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu kutawadha kwa maji yake, hali kilikuwa kisima ambacho uchafu wa kila namna ulikuwa ukitupwa ndani, naye akajibu kwamba maji yale yanatoharisha. Wengi wetu tunaishia hapo. Lakini Imamu Abu Dawud, aliyeipokea hadithi hiyo katika Sunan yake, hakutosheka na kusikia. Alikwenda mwenyewe mpaka kisimani, akatandaza shuka lake juu ya mdomo wa kisima, kisha akalipima kwa dhiraa, akapata upana wa dhiraa 6. Akamuuliza mtu aliyemfungulia bustani: je, kisima kimejengwa upya tofauti na kilivyokuwa? Akajibiwa hapana. Na akatueleza kwamba aliyaona maji yake yamebadilika rangi. Tazama, ndugu yangu. Mwanachuoni mkubwa, ana isnadi mkononi, na bado anakwenda kupima na kuuliza. Mtu akikuambia kupima maji ni mambo ya Wazungu, mkumbushe shuka la Abu Dawud.

Sasa, zile alama tatu za rangi, ladha na harufu, kwa afya hazitoshi. Vijidudu vya kolera vinakaa katika maji meupe kama kioo, na hakuna pua itakayovigundua. Mwaka 1854 katika mji wa London, mtaa wa Soho, palikuwa na pampu ya maji katika barabara iitwayo Broad Street. Watu waliyapenda maji yale kwa ladha yake. Mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na hapo, alikuwa akiletewa chupa ya maji hayo kila siku kwa kuyapenda tu. Kolera ilipozuka, watu zaidi ya 500 walikufa pembezoni mwa pampu ile katika muda wa siku 10, na yule mjane naye akafa kule alikohamia. Daktari John Snow ndiye aliyefuatilia nyumba kwa nyumba akaonyesha kwamba waliokufa walikunywa hapo, na mpini wa pampu ukaondolewa tarehe 8 mwezi wa 9. Baadaye walipochimba wakakuta shimo la choo cha nyumba ya jirani lipo chini ya mita 1 kutoka kwenye kisima, na matofali yake yameoza. Nguo za mtoto mchanga aliyeharisha zilikuwa zikifuliwa na maji yake kumwagwa humo. Kisima kilichosifiwa kuliko vyote ndicho kilichoua, na aliyekuwa anakisifu hakuwa mwongo, ladha ilikuwa nzuri kweli.

Na sisi hatuna haja ya kwenda London. Kolera ilifika mashariki ya nchi yetu mwaka 1978, na tangu hapo haijatuaga. Kalemie, Uvira, Fizi, pwani hii yote ya Tanganyika waganga wanaihesabu miongoni mwa makao yake ya kudumu. Mwaka 2017 nchi nzima ilihesabu wagonjwa zaidi ya 50,000, na waliofariki walizidi 1,000. Mwaka 1994 kule Goma, wakimbizi wa kutoka Rwanda walikufa maelfu kwa maelfu katika mwezi mmoja kwa kolera na kuhara damu. Sisi wa kando ya ziwa tunayajua maji ya ziwani kwamba si ya kuaminika, ndiyo maana mtu akichimba kisima tunafurahi. Lakini ziwa lilipopanda mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, penye mitaa ya chini choo na kisima na ziwa vilikuwa kitu kimoja. Maji yakirudi nyuma, kisima kinabaki na kilichoachwa ndani yake. Na hata pasipo mafuriko, mvua za kwanza za mwezi wa 9 na wa 10 huteremsha kila kilichokuwa juu ya ardhi tangu kiangazi.

Turudi kwa mwenye kisima. Kuna mtu asiyejua kwa sababu hana njia ya kujua. Huyo ana udhuru, na Mola hamkalifishi mtu asiloweza. Kuna mwingine asiyejua kwa sababu hajawahi kufikiri, naye akikumbushwa anaamka. Na kuna wa tatu, huyu ndiye ninayemwogopea: hajui kwa sababu hataki kujua. Reko wamepita, wamemwambia watu wa eneo la afya wanaweza kuja kupima, naye akasema, niacheni, maji ya baba yangu tumeyanywa miaka 20. Ndani ya moyo wake anahesabu: wakikuta ubaya, nitaaibika, majirani wataacha kuja, franga zitakatika. Ujinga wa namna hii si udhuru. Mtu aliyefumba macho kwa makusudi kisha akamkanyaga mtoto hawezi kusema hakumwona.

Utaniambia: lakini nia yake ilikuwa njema. Ndiyo, na nia njema ina ujira wake. Lakini tazama mfano wa Bangladeshi, nchi ya ndugu zetu Waislamu. Kuanzia miaka ya 1970 vilichimbwa visima vya mabomba kwa mamilioni, ili watoto waache kunywa maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaua kwa kuhara. Nia njema kabisa. Mwaka 1993 ikaja kujulikana kwamba ndani ya ardhi ile mna sumu ya arseniki, isiyo na rangi, ladha wala harufu, na watu walikuwa wameinywa miaka mingi. Walifanya nini? Walipima visima karibu milioni 5, kila pampu ikapakwa rangi: kijani ikiwa salama, nyekundu ikiwa na sumu. Fikiri mtu aliyeamka asubuhi pampu ya uani kwake ni nyekundu. Aibu ilikuwepo, lakini jirani mwenye pampu ya kijani akafungua mlango, na watu wengi wakabadilisha njia yao ya kuteka. Waliochimba hawakulaumiwa kwa kuchimba. Lawama ingekuwa kwa yule ambaye angefuta rangi nyekundu usiku.

Kuna upande mwingine ambao hatupendi kuugusa, nao ni jirani mwenye choo. Wewe umepima, umejenga ukingo, umeweka kifuniko, kisha jirani anachimba shimo la choo hatua 8 kutoka kisimani kwako. Ana haki? Hapa nitakuwa mkweli kwako. Vitabu vyetu vya Kishafi vimeeleza kwamba mtu akichimba shimo la uchafu katika milki yake likaharibu maji ya kisima cha jirani, ni makuruhu, lakini hazuiliwi wala hatozwi, ingawa wako katika mashekhe wa madhehebu yetu waliopinga. Wamaliki wao walisema anazuiliwa. Na Wahanafi waliweka harimu ya kisima, eneo linalokizunguka lisiloingiliwa na mtu, dhiraa 40, kama mita 20 hivi. Waganga wa siku hizi wanasema mita 30. Mimi ni Mshafi na nitakufa Mshafi, lakini katika jambo hili naona kauli ya Wamaliki ndiyo yenye nguvu kwa mji kama wetu, ambapo parseli zimebanana na choo kimoja kinaweza kuua mtaa. Wale mashekhe waliona maji yaliyochafuka kuwa ni hasara ya mali. Hawakujua kwamba ni hasara ya roho. Lau wangejua, sidhani wangeandika neno makuruhu.

Basi ikiwa kimepimwa kikaonekana kibaya, je, tukifunge? Hapana haraka. Ukikifunga, mama zetu watarudi ziwani au mto Mutambala, ambako pengine ni pabaya zaidi, na njiani pia kuna hatari mnazozijua. Wajibu wa kwanza ni kusema. Wa pili ni kutibu. Kumwaga klori nyingi ndani ya kisima siku moja kunasaidia siku chache tu, kisha kamba na ndoo za watu 50 zinarudisha uchafu ule ule. Kilicho bora ni kutia dawa ndani ya bidoni, kwa kipimo wanachokitoa watu wa afya, kama reko wanavyofanya kwa sirinji wakati wa kolera. Kisha kungoja dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwani tope inaila klori. Asiye na dawa achemshe mpaka yatokote kweli kweli. Makaa yakiwa ghali, chupa nyeupe ya plastiki yenye maji maangavu ikilazwa juani saa 6 inaua vijidudu vingi, na siku za mawingu iachwe siku 2. Na kisima kiwe na ndoo yake moja na kamba moja, isiyolala chini.

Na kupima kwenyewe si lazima kuwe maabara kubwa. Kuna vichupa vidogo vyenye dawa ndani: unatia maji, unaacha siku 1 au 2, yakigeuka meusi ni dalili ya kinyesi. Pima kiangazi, na pima tena mvua zikianza, kwani kisima kilicho salama mwezi wa 7 si lazima kiwe salama mwezi wa 11.

Atasimama mtu aseme: kufa ni kwa kadari. Sayyidna Umar (r.a.) aliposikia tauni ipo Shamu akarudi na watu wake, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, akajibu kwamba wanatoka katika kadari moja kwenda katika nyingine. Sina la kuongeza.

Limebaki suala la gharama, ambalo wengi wananiuliza wakiona haya. Nani alipe klori, mwenye kisima au mwenye bidoni? Anayeuza maji, dawa iko ndani ya bei, kwani ameuza maji ya kunywa na amepokea franga za maji ya kunywa. Akificha kasoro anayoijua, hiyo ni ghushi kama ya mwenye kuuza samaki aliyeharibika. Anayetoa bure hatulazimishi alipe, lakini lazima aseme hali ya maji yake, na wanaochota wachangie. Kama ni mjane au mzee asiye na kitu, basi mtaa unaokunywa kwake ndio unaodaiwa. Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma kwa mali yake akakitoa kwa Waislamu wote. Sisi hatuna mali ya Uthman, lakini franga 100 kwa nyumba kwa mwezi tunazo, na kisanduku cha msikiti kipo mlangoni upande wa kulia, kwa wanaokunywa visima vya mitaa hii, Waislamu na wasio Waislamu.