Aibu Isimzuie Mgonjwa Kupata Dawa

Ndugu msomaji, huenda umekwisha kusikia watu, hata watu wa dini, wakisema: "Ukimwi ni adhabu ya wazinzi, waacheni wavune walichopanda." Hebu tulipime neno hili.

Ipogolo ipo chini ya mlima uliobeba mji wa Iringa, na barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo. Kando ya barabara hiyo, mahali malori yanapolala, wamo wanawake waliofikishwa na umaskini hata wakauza miili yao. Uchunguzi wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Mkoa wa Iringa, 11 hivi wana virusi vya ukimwi, na kwa nchi nzima ni 4 hivi.

Mwanamke wa namna hii zahanati anaijua. Linalomrudisha mlangoni ni jicho la dharau. Akiogopa kunong'onezwa hapimwi, na asiyepimwa hapati dawa. Ndipo ugonjwa humfikia dereva, kisha mke wa dereva aliyetulia nyumbani kwake. Je, huyu naye alipanda nini?

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzao wa Marekani walilichunguza jambo hili mkoani Iringa kuanzia mwaka 2015, kwa wanawake 496 wa kazi hiyo, katika utafiti ulioitwa Shikamana. Katika jumuiya moja wanawake walipewa mahali pao pa kukutania. Wenzao waliofundishwa waliwaelimisha na kuwasindikiza kliniki. Wauguzi walifunzwa kuwapokea kwa heshima. Na ujumbe wa simu uliwakumbusha dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Baada ya miezi 18, miongoni mwa waliokuwa hawana virusi, walioambukizwa hapo walikuwa 5 katika kila 100. Katika jumuiya ya pili, isiyopata msaada huo, walizidi 10.

Labda utauliza: "Kumheshimu kahaba si kuihalalisha zinaa?" La, hasha! Zinaa ni haramu, na haramu itabaki. Lakini kuhukumu dhambi ni kazi ya Mwenyezi Mungu. Kazi yetu ni kumwuguza mgonjwa. Tena anayefukuzwa kwa matusi ataisikiaje sauti ya kuitwa kwenye toba?

Mtume Mtukufu s.a.w. alisimulia habari za kahaba aliyemwona mbwa akifa kwa kiu, akavua kiatu chake, akamchotea maji kisimani. Na kwa tendo hilo Mwenyezi Mungu akamsamehe. Ikiwa yeye alisamehewa kwa kumhurumia mbwa, sisi tutajibu nini tukimnyima mwanadamu huruma?

Basi, ndugu, ukimjua jirani anayeficha ugonjwa wake, usiulize aliupata wapi. Mfuate kwa upole, itunze siri yake, mfikishe kwa mganga. Mwenyezi Mungu atujalie mioyo yenye rehema. Amin.